Ofisi tatu, tarakimu tatu: takwimu za watoto waliokinzana na sheria zianze kurekebishwa wapi?

Swali la msomaji: Ninaratibu programu ya manispaa inayowahudumia watoto waliokinzana na sheria. Tunawapokea kutoka polisi na mahakamani, tunawapangia ushauri nasaha, mafunzo na uangalizi, na kila robo ya mwaka tunapeleka taarifa kwa halmashauri na kwa mfadhili. Robo iliyopita polisi walitoa tarakimu ya 61, mahakama 44 na ofisi yangu 52, nami nikaulizwa kikaoni ipi ndiyo ya kweli. Nina makarani wawili na kompyuta moja. Je, ninunue mfumo wa kompyuta, au nianzie wapi?

Jibu:

Ndugu mratibu,

Ungeweza kujibu kikaoni kwamba tarakimu zote tatu ni za kweli, na pengine usingekuwa umekosea. Polisi kwa kawaida huhesabu ukamataji, kwa hiyo kijana aliyekamatwa mara tatu katika robo hiyo ameingia mara tatu kitabuni kwao. Mahakama huhesabu mashauri: watoto wanne walioshitakiwa pamoja kwa wizi mmoja ni shauri moja, ilhali mtoto mmoja mwenye mashitaka yaliyofunguliwa kwa nyakati mbili ni mashauri mawili. Ofisi yako, nadhani, ilihesabu watoto waliokuwa ndani ya programu, wakiwemo waliovuka kutoka robo iliyotangulia. Hakuna aliyedanganya, yameulizwa maswali matatu na majibu yake yakawekwa kwenye safu moja. Kwa sababu hiyo jibu langu kuhusu mfumo wa kompyuta ni kwamba bado. Mfumo utakaonunuliwa kabla ofisi hizi hazijakubaliana zinahesabu nini utakuletea tarakimu zilezile zinazogongana, ila safari hii zitatoka haraka zaidi na zikiwa na michoro ya rangi.

Kabla ya jambo lingine lolote, ofisi tatu zikae ziandike vizio vya hesabu, yaani vitu hasa vinavyohesabiwa. Kwa programu ya ngazi yenu vinatosha vinne: mtoto, tukio la kukamatwa, shauri, na uamuzi. Mtoto mmoja anaweza kuwa na matukio mawili. Tukio moja linaweza kuzaa mashauri mawili au lisizae hata moja. Na shauri moja huwa na maamuzi kadhaa, tangu dhamana hadi hukumu. Polisi wana haki ya kuhesabu ukamataji, kwa kuwa ndio unaoonyesha kazi yao, na mahakama ina haki hiyohiyo kuhusu mashauri. Kosa huanza pale neno “watoto” linapoandikwa juu ya safu ambayo kwa kweli ni ya mashauri. Kichwa cha kila jedwali kitaje kizio chake kwa ukamilifu hata kikirefuka: “Watoto tofauti waliopokelewa angalau mara moja kati ya tarehe 1 Januari na tarehe 31 Machi”. Kichwa cha namna hiyo hakipendezi machoni, lakini hakimwachii msomaji nafasi ya kubahatisha.

Sambamba na hilo, tenganisheni waliopo na wanaoingia. Taarifa ya robo mwaka ianze na mistari minne: waliokuwepo siku ya kwanza, walioingia, waliotoka, na waliopo siku ya mwisho. Mstari wa kwanza ukijumlishwa na wa pili kisha ukatolewa wa tatu, lazima upatikane wa nne, na huo wa nne lazima ulingane na mstari wa kwanza wa robo inayofuata. Niliwahi kupewa taarifa ya kituo kimoja ambamo watoto waliotoka walikuwa wengi kuliko waliokuwepo na walioingia kwa pamoja. Haikuwa njama. Karani alikuwa akiandika “ametoka” kila mtoto alipopelekwa mahakamani asubuhi, na jioni mtoto aliporudi hakumwandika “ameingia”, kwa kuwa, alivyonieleza kwa utulivu kabisa, huyo alikuwa ni yuleyule wa asubuhi. Taarifa ile ilikuwa imepita mezani kwa maofisa watatu na kutiwa saini mara tatu, na hakuna kati yao aliyejumlisha mistari minne.

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe. Takwimu zote unazozipeleka kwa halmashauri huzaliwa katika mstari mmoja wa rejesta, unaoandikwa na mtu aliyesimama, simu ikiita na mzazi akilia kwenye benchi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zinazojulikana kama Kanuni za Havana za mwaka 1990, zinataka kila mahali wanapozuiliwa watoto pawe na rejesta kamili na salama yenye utambulisho wa mtoto, sababu za kuzuiliwa na mamlaka iliyoamuru, siku na saa ya kuingia, kuhamishwa na kutoka, taarifa za jinsi wazazi au walezi walivyojulishwa, na matatizo ya afya yanayofahamika. Programu yako huenda haizuii mtoto hata mmoja, lakini orodha hiyo inafaa kuwa kiunzi cha mstari wenu pia.

Zingatia kwamba kanuni hizo zinataka saa iandikwe pamoja na siku. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla Namba 24 ya mwaka 2019, inataka mtoto aliyekamatwa na kunyimwa uhuru afikishwe mbele ya mamlaka husika ndani ya saa 24. Rejesta yenye tarehe pekee haiwezi kuthibitisha kwamba hilo lilifanyika, kwa sababu mtoto aliyeingia tarehe 4 na kufikishwa tarehe 5 anaweza kuwa alikaa saa 11 au saa 38. Nasi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada: “saa 3” iliyoandikwa bila kutaja asubuhi au usiku, wala haijulikani kama mwandishi alifuata saa ya Kiswahili au saa ya kwenye simu, ina tafsiri nne, yaani 03:00, 09:00, 15:00 na 21:00. Amueni mara moja kwamba rejesta yote itaandikwa kwa mtindo wa saa 24, na mbandike karatasi ya mfano ndani ya jalada la daftari.

Umri nao haufai kuandikwa kama tarakimu moja. Kuna umri wa siku ya kosa, umri wa siku ya kukamatwa na umri wa siku ya uamuzi, na mtoto mmoja anaweza kuwa na miaka 17 katika ule wa kwanza na 18 katika wa mwisho. Kamati niliyoitaja inasema wazi kwamba haki za mfumo wa watoto zinamfuata kila ambaye alikuwa chini ya miaka 18 wakati kosa lilipotendeka, kwa hiyo ofisi inayohesabu umri wa siku ya uamuzi itawapoteza watoto katika takwimu zake na, kwa bahati mbaya, wakati mwingine itawapoteza katika huduma pia. Andikeni tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kosa, na umri ukokotolewe baadaye. Pembeni iwepo safu ya chanzo cha taarifa: cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za shule, maelezo ya mzazi, maelezo ya mtoto, au makadirio. Pale ushahidi wa umri unapokosekana, mtoto anastahili kupewa manufaa ya shaka, yaani achukuliwe kuwa ni mtoto, na ni vyema rejesta ionyeshe ni mara ngapi ofisi ililazimika kufanya hivyo.

Kisha kuna nafasi tupu. Katika rejesta nyingi nilizozipitia, kisanduku kilichoachwa wazi hubeba maana nne zisizofanana: mtoto hakuulizwa, aliulizwa lakini hakujua au hakutaka kujibu, swali halimhusu, au jibu ni hapana. Kompyuta ikija kujumlisha, zote nne hugeuka kuwa “hapana”, na halmashauri ikaambiwa kwamba hakuna mtoto hata mmoja mwenye tatizo la kusikia. Wekeni alama tofauti kwa kila maana na mpige marufuku kisanduku kitupu. Nakiri kwamba hili ndilo agizo linalowachosha makarani kuliko yote, na pia ndilo ambalo, likizingatiwa kwa miezi miwili mitatu, hubadilisha taarifa kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Ili ofisi tatu zifuatilie safari ya mtoto mmoja, zinahitaji namba moja inayosafiri naye. Majina hayatoshi, nimeona mtoto mmoja akiwa watoto watatu kwa sababu jina lake liliandikwa kwa tahajia tatu na la babu likaachwa katika fomu mojawapo. Ofisi inayompokea mtoto kwanza impe namba isiyo na maana yoyote ndani yake, yaani isiyobeba tarehe ya kuzaliwa, herufi za jina wala namba ya kata, na ofisi nyingine ziinakili pembeni ya namba zao wenyewe bila kuacha utaratibu wao wa ndani. Orodha inayounganisha namba hiyo na jina ihifadhiwe na mtu mmoja aliyeteuliwa kwa maandishi, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na rejesta ya takwimu. Makubaliano ya kupeana taarifa baina ya ofisi yawe ya maandishi pia, yakieleza nani anaona nini, kwa sababu gani na kwa muda gani, na mwanasheria wa halmashauri ayapitie kabla taarifa yoyote haijavuka kutoka ofisi moja kwenda nyingine.

Nikae kidogo kwenye muda, kwa kuwa hapa ndipo taarifa nyingi zinapopotosha bila mtu kukusudia. Chukua mfano wa kubuni: nyumba ya mahabusu ya watoto ilipokea watoto 110 kwa mwaka, 100 kati yao wakakaa siku 3 kila mmoja, na 10 wakakaa siku 300 kila mmoja. Jumla ya siku ni 3,300, na ukigawanya kwa watoto 110 unapata wastani wa siku 30. Tarakimu hiyo haimwelezi mtoto hata mmoja, kwani hakuna aliyekaa siku 30 wala karibu na hapo. Thamani ya katikati, yaani siku za mtoto aliye katikati pale wote wanapopangwa kuanzia aliyekaa kidogo hadi aliyekaa sana, ni siku 3. Mkaguzi akitembelea nyumba hiyo usiku wowote wa kawaida atawakuta watoto kama 9, na 8 kati yao watakuwa wale wa muda mrefu. Ataondoka akiamini kwamba karibu kila mtoto hukaa miezi 10. Anayesoma kitabu cha mapokezi ataona kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya kila 10 huondoka ndani ya siku 3. Wote wawili wameona ukweli, na kila mmoja atapendekeza dawa tofauti. Kwa hiyo toeni pamoja thamani ya katikati, muda mrefu kuliko wote, na idadi ya waliovuka kikomo kilichowekwa na sheria au sera yenu. Pale ambapo sheria haikuweka kikomo, Maoni ya Jumla Namba 24 yanatoa vipimo vya kuanzia: mtoto aliyezuiliwa ashitakiwe rasmi ndani ya siku 30, na uamuzi wa mwisho utolewe ndani ya miezi 6 tangu alipozuiliwa.

Msingojee mtoto atoke ndipo mhesabu siku zake. Taarifa inayotegemea waliotoka pekee humficha yule ambaye hajatoka, na huyo ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Kila mwisho wa mwezi iandaliwe orodha ya watoto ambao bado wamezuiliwa, ikianzia na mwenye siku nyingi, ipelekwe kwa hakimu na kwa ofisa ustawi. Orodha ya majina matano ya juu, iliyowafikia watu wenye mamlaka ya kutenda, ina thamani kuliko kitabu kizima cha mwaka.

Kuhusu viashirio, msibuni vyenu. UNICEF na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, walitoa mwongozo wenye viashirio 15 vya haki kwa watoto: 11 ni vya kuhesabika, kama vile idadi ya waliokamatwa, wanaozuiliwa kabla ya hukumu, muda wa kuzuiliwa, vifo kizuizini, kutenganishwa na watu wazima, kutembelewa na familia, adhabu za kifungo, kuepushwa mahakama na huduma baada ya kutoka, 4 vinahusu sera, yaani ukaguzi huru, utaratibu wa malalamiko, mfumo maalumu wa watoto na mpango wa kuzuia uhalifu. Kwa makarani wawili, 15 ni vingi. Ningeanza na vitano au sita mnavyoweza kuvikusanya bila kukosa, na kila kimoja kiwe na mtu anayekisubiri ili afanye uamuzi fulani. Safu ambayo hakuna anayeweza kutaja uamuzi unaoitegemea ifutwe kwenye fomu, hata kama mfadhili wa zamani aliipenda.

Kimoja ambacho nisingekiacha ni kuepushwa mahakama, yaani shauri la mtoto kumalizwa kwa onyo, upatanisho au programu bila kesi kuendelea. Hapa swali lililo zito zaidi ni nani wanaoepushwa. Hesabuni kwa jinsia, umri, eneo analotoka mtoto, ulemavu, na kama anasoma au hasomi. Na mlinganishe kundi kwa kundi katika kila hatua ya uamuzi, kigawanyo, yaani idadi mnayoigawanyia, kikiwa ni waliofika katika hatua hiyo. Ikiwa watoto 200 wa upande mmoja wa mji walikamatwa na 120 wakaepushwa mahakama, hiyo ni asilimia 60. Ikiwa kutoka upande wa pili walikamatwa 100 na 30 wakaepushwa, ni asilimia 30. Mtoto wa upande wa pili ana nusu tu ya nafasi ya mwenzake. Ukilinganisha kwa idadi ya wakazi badala ya idadi ya waliofika katika hatua ile, tofauti ya ukamataji huchanganyika na tofauti ya uamuzi wa baadaye, na hutajua uzungumze na polisi au na mwendesha mashitaka. Njia hii ya kulinganisha hatua kwa hatua imetumika kwa muda mrefu Marekani, ambako sheria ya shirikisho ya haki kwa watoto ya mwaka 1974 ilirekebishwa mwaka 1988 ili majimbo yashughulikie wingi usiolingana wa watoto wa makundi madogo ya kirangi miongoni mwa waliofungiwa. Tofauti pekee haithibitishi upendeleo, kwa kuwa aina ya makosa na historia ya mtoto huenda vinatofautiana. Lakini inaonyesha majalada yapi yafunguliwe kwanza.

Kiashirio ambacho mfadhili atakuuliza kabla ya vyote ni kurudia kosa, nacho ndicho chepesi kuliko vyote kupindisha. Tamkeni mambo matatu kabla ya kuhesabu: kurudia maana yake ni nini, kukamatwa tena, kushitakiwa tena, au kutiwa hatiani tena, muda unaanza kuhesabiwa siku ya kuingia kwenye programu au siku ya kumaliza, na ufuatiliaji ni wa miezi 12 au 24. Kisha wahesabuni wote walioanza. Tuseme watoto 40 waliingia, 22 wakamaliza, na kati ya hao 2 wakakamatwa tena ndani ya miezi 12. Programu ikitangaza asilimia 9 imesema ukweli mdogo sana, kwa sababu kati ya 18 walioacha njiani huenda walikamatwa 9, na kiwango cha wote walioanza ni 11 kwa 40, yaani asilimia 27.5. Wanaomaliza programu mara nyingi ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa na mzazi wa kuwasindikiza na nauli ya kufika. Toeni tarakimu zote mbili, na mseme kwa nini waliacha 18.

Hayo yote yanategemea watu ambao katika mipango mingi hutajwa mwisho. Askari wa zamu na karani hujaza fomu kwa ajili ya ofisi isiyowarudishia kitu, na fomu isiyorudi hujazwa kwa kunakili ya jana. Kila mwezi warudishieni ukurasa mmoja unaoonyesha kilichotoka katika maandishi yao, ukitaja hata jambo moja lililobadilika kwa sababu yake. Kisha fanyeni ukaguzi mdogo: chukueni majalada 10 kwa bahati nasibu, mlinganishe kila tarehe na kila kisanduku na kilichoandikwa kwenye rejesta, mhesabu vilivyokosewa, mwandike tarakimu hiyo chini ya taarifa. Ukaguzi huo humaliza asubuhi moja, na ufanywe na karani wa ofisi nyingine, wala usitumike kumwadhibu mtu. Karani aliyekemewa kwa sababu idadi imepanda hatahitaji kuelekezwa jinsi ya kuishusha mwezi ujao.

Na idadi zitapanda. Ofisi ikianza kuandika vizuri, majeraha, malalamiko na siku za kuzuiliwa ambazo zamani hazikuandikwa hutokea kwenye jedwali kana kwamba yamezuka jana. Waambieni halmashauri na mfadhili mapema, kabla ya taarifa ya kwanza, kwamba kuna mabadiliko ya maana na ya uandikaji, mpige mstari wima kwenye jedwali pale maana ilipobadilika, na msilinganishe kulia na kushoto kwa mstari huo. Kwa mambo mazito, yaani vifo, majeraha, madai ya kupigwa, na kufungiwa upweke ambako Kanuni za Havana zinakukataza kama adhabu, msikubali kisanduku kinachosema sifuri kwa mazoea. Sifuri iwe na jina la aliyethibitisha na tarehe aliyothibitisha.

Faragha haiwezi kuachwa hadi mwisho wa kazi, ingawa katika barua hii imeangukia karibu na mwisho. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 40, unataka faragha ya mtoto iheshimiwe katika hatua zote za shauri, na Kanuni za Beijing za mwaka 1985, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu uendeshaji wa haki kwa watoto, zinaagiza kumbukumbu za watoto ziwe siri kabisa, zifikiwe na wahusika pekee, na zisitumike dhidi ya mtu katika mashauri ya utu uzima wake. Kuondoa majina hakutoshi katika mji mdogo. Mstari unaosema “msichana, miaka 13, kuchoma moto, idadi 1” umekwisha kumtaja mbele ya kila jirani. Desturi nzuri ni kuficha kila kisanduku chenye watoto chini ya 5, lakini jihadharini na hesabu ya kutoa: jumla ikiwa 19 na visanduku viwili vilivyo wazi vikiwa 11 na 6, kila mtu anajua kilichofichwa ni 2, kwa hiyo lazima kifichwe na kingine. Pia, tafadhali, picha za rejesta zisitumwe kwenye makundi ya simu, hata kwa nia njema ya kuharakisha taarifa. Wekeni muda ambao baada yake majalada yatafungwa na hatimaye kuteketezwa kwa mujibu wa sheria yenu.

Udogo wa idadi una athari pia katika maandishi. Watoto 4 wakiwa 6 ni ongezeko la asilimia 50, na gazeti litaandika asilimia. Nyinyi andikeni 4 na 6. Asilimia zianze pale kigawanyo kinapokuwa kikubwa cha kutosha, angalau 20 au 30, na kigawanyo hicho kionekane.

Mfumo wa kompyuta utafaa siku ambayo rejesta ya karatasi imejazwa kwa vizio vilivyokubaliwa kwa miezi 3 mfululizo na mistari minne ikajumlika kila mwezi. Kwa watoto wasiozidi mia chache kwa mwaka, lahajedwali moja iliyotengenezwa kwa uangalifu inatosha: majibu ya kuchagua badala ya kuandika, tarehe ya kutoka ikataliwe ikiwa inatangulia ya kuingia, nywila kwa kila mtumiaji, na nakala ya akiba inayotunzwa mahali pengine chini ya kufuli. Fedha ambazo mngenunulia mfumo huenda zingewafaa zaidi zikimlipa karani wa tatu.

Kwa wiki ijayo, fanyeni jambo moja. Waite makarani wa ofisi tatu wakae meza moja kwa siku nzima na vitabu vyao vya robo iliyopita, baada ya wakuu wao kuidhinisha kwa maandishi, wawalinganishe watoto mmoja mmoja: wangapi wako katika vitabu vyote vitatu, wangapi katika viwili, wangapi katika kimoja tu na kwa nini. Mtatoka na maelezo ya jinsi 61, 44 na 52 zinavyotokana na watoto walewale, na mtatoka pia na majina machache ya watoto walioondoka polisi bila kufika kokote kunakojulikana. Hao watafutwe kwanza, taarifa isubiri. Karatasi ya majina iliyotumika siku hiyo ibaki ndani ya kabati la mtunza orodha, wala asiondoke nayo mtu yeyote, hata wewe.